Triumph Sprint ST ya mtumba: namna ya kuichagua, kuiendesha na kuilaza wakati wa baridi

Ukitafuta Triumph Sprint ST kwenye matangazo ya mtandaoni hapa Uingereza, hutakawia kukutana na pikipiki mbili za mwaka mmoja na bei inayokaribiana. Ya kwanza imetembea maili 9,000 tu, imefunikwa turubai gerejini, plastiki zinang'aa. Ya pili imetembea maili 48,000, ina mikwaruzo kwenye boksi la kushoto na faili nene la risiti. Niliponunua yangu ya kwanza niliikimbilia ile ya maili chache. Yaliyonipata nitayasema huko mbele. Kwa sasa shika hili tu: nunua ya pili.

Naishi Leicester, maili 13 hivi kutoka Hinckley, mji mdogo ambako Triumph hii ilizaliwa. Nasema "hii" kwa sababu Triumph ziko mbili. Ile ya wazee wetu, iliyoanza kuunda pikipiki Coventry mwaka 1902, ilifilisika na kiwanda chake cha Meriden kikafungwa 1983. Mjenzi wa nyumba aitwaye John Bloor akalinunua jina, akakaa kimya miaka kadhaa akijenga kiwanda kipya Hinckley, na pikipiki zake zikaingia sokoni 1991. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Triumph huvuja oili kila inaposimama, anazungumzia mambo ya babu yake.

Sprint ST ilitoka 1999. Ni pikipiki ya kukimbia na kusafiri kwa pamoja: haikukunji kama ya mashindano, wala si jabali kama zile kubwa za watalii. Injini ina silinda tatu zilizopangwa mstari mmoja, inapozwa kwa maji na mafuta yake huingia kwa umeme, haina kabureta. Za mwanzo ni za cc 955. Mwaka 2005 ikaja ya cc 1050, taa tatu mbele na matundu matatu ya moshi chini ya kiti. Baadaye, 2010, ikafuata Sprint GT, ndefu na nzito zaidi, bomba la moshi limeshushwa pembeni. Kama unambeba mwenzio mara kwa mara, fikiria hilo la bomba: kwenye ile 1050, atakayekaa nyuma wakati wa kiangazi atakuambia mwenyewe moto unapotokea.

Hatua ya 1: Leseni

Hapa nitapita haraka. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Ukishakuwa mkazi una miezi 12 ya kuitumia kwa aina ya chombo iliyokuruhusu, kisha unaanza upya: mafunzo ya siku moja ya CBT, mtihani wa nadharia, halafu vitendo sehemu mbili, uwanjani kwenye koni na barabarani. Miaka kumi ya bodaboda haihesabiki, ingawa kwenye ule uwanja wa koni itakufaa sana.

Jambo moja linawakwaza vijana. Leseni ya A2 inaruhusu pikipiki iliyopunguzwa nguvu hadi kilowati 35, lakini nguvu yake ya asili isizidi 70. Sprint ya 1050 ina karibu kilowati 90. Haipunguziki ikakubalika, hata muuzaji akikuapia. Unahitaji leseni kamili ya A: uwe na miaka 24, au 21 kama umeshika A2 kwa miaka miwili.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya nauli

Kabla hujapanda treni kwenda kuitazama, muombe muuzaji namba ya usajili. Ingia tovuti ya serikali, angalia historia ya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka kwa chombo kilichofikisha miaka mitatu. Ni bure. Utaona maili zilizosomwa kila mwaka na kila dosari aliyoiandika mkaguzi.

Soma historia hiyo kama unavyosoma barua ya mkwe, ukitafuta yaliyonyamaziwa. Maili zilipanda 4,000, 5,000, 4,500, halafu kwa miaka mitatu hakuna ukaguzi wowote, kisha ghafla imepita MOT mwezi jana? Hiyo ililala, ikaamshwa kwa ajili ya kuuzwa. Mkaguzi ameandika mara mbili mfululizo kwamba cheni imelegea? Mwenyewe hashiki spana.

Lipia pia uchunguzi wa historia ya chombo ujue kama kina deni, kama kimewahi kuibwa, au kama bima iliwahi kukiandika kimeharibika. Herufi S maana yake fremu iliguswa. N maana yake haikuguswa. Ya N yenye bei nzuri na picha za ajali naweza kuifikiria. Ya S siitazami.

Kadi yake inaitwa V5C. Inaonyesha nani anayewajibika na chombo, haithibitishi nani mmiliki, kwa hiyo risiti ya manunuzi ni muhimu. Ukifika, linganisha namba ya fremu iliyogongwa shingoni, chini ya usukani, na ile ya kwenye kadi. Herufi kwa herufi.

Hatua ya 3: Kuikagua

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kitu cha kwanza, kabla hata ya kumaliza salamu, weka kiganja ubavuni mwa injini. Ikiwa vuguvugu, ameshaiwasha. Huenda hana nia mbaya, lakini sasa hutajua inavyoamka ikiwa baridi, na pikipiki hii siri zake huzitoa alfajiri.

Siku niliyokwenda kuitazama ya pili nilimchukua shemeji yangu, fundi wa magari aliyejifunzia kazi Tanga, mtu wa maneno machache. Aliinama, akapitisha kidole kwenye cheni, akakinusa, akapiga tairi la nyuma kwa ngumi. "Shem, hii inatembea," akasema. "Ile ya kwanza uliyotuletea ilikuwa imelala kama samaki wa friji. Inang'aa kwa sababu imeganda."

Fuata utaratibu huu, taratibu, mwenye mali asikuharakishe.

Anza na umeme. Washa ufunguo, sikiliza pampu ya mafuta ikizomea sekunde chache kisha inyamaze. Kisha bonyeza stata. Inatakiwa izungushe injini kwa nguvu na kwa haraka. Ikizunguka kwa uvivu, au ukasikia mlio wa kukwama na kugonga, ondoa kidole hapo hapo. Ndani ya injini kuna klachi ya stata, kidude chenye vigingi vidogo vinavyoshika upande mmoja tu. Betri ikiwa dhaifu injini hurudi nyuma kwa kishindo, na vile vigingi huumia. Kwenye 955 za mwanzo, kukifikia kidude hicho ni kuishusha injini na kuipasua.

Hicho ndicho kilichoniua. Pikipiki yangu ya maili 9,000, ya mwaka 2000, ilikuwa na betri iliyochoka kwa kukaa. Muuzaji aliiwasha kwa kuiunga na betri ya gari, nami nikaona ni jambo la kawaida. Wiki mbili nyumbani niliendelea kuibembeleza kila asubuhi kwa betri ile ile, kwa ubahili wa bei ya betri mpya. Asubuhi moja ikalia "kro!" kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali, na tangu hapo stata ikawa inazunguka peke yake, injini haina habari. Gharama ya kuifungua ilipita nusu ya bei niliyoinunulia.

Injini ikishawaka, chomeka mita kwenye betri, pandisha mzunguko mpaka 4,000 hivi. Usomaji mzuri ni kati ya volti 13.5 na 14.5. Ukiona 12 na kitu, chaji haiingii. Ukiona zaidi ya 15, kidhibiti chaji kimeharibika na kinaichemsha betri. Kidhibiti hicho ni udhaifu unaojulikana wa pikipiki hizi. Si ghali sana, lakini kikifa barabarani umekwama.

Iache iungurume bila kuipa mafuta mpaka kipimo cha joto kipande na feni ya rejeta iwake yenyewe. Usikubali kuambiwa "huwa inawaka". Ngoja uisikie.

Kama ni 955, inama utazame chini ya tanki mahali paipu za mafuta zinapoungana. Vichwa vya kuungia vilivyotoka kiwandani ni vya plastiki, na plastiki ya miaka 20 huvunjika fundi anaponyanyua tanki. Petroli hudondokea wapi? Juu ya injini ya moto. Wamiliki makini huwa wamekwisha kuweka vya chuma. Ukiviona vya chuma, umempata mtu aliyeijua pikipiki yake.

Halafu nyuma. Gurudumu la Sprint ST limeshikwa na mkono mmoja tu, upande wa pili wazi. Ndiyo fahari yake. Cheni haikazwi kwa boliti mbili za kusukuma kama ulivyozoea. Kitovu kizima huzungushwa ndani ya tundu lake kama kifuniko cha chupa, kikishalegezwa boliti ya kukibana. Kisipozungushwa kwa miaka, kutu hukigandisha, na wapo waliokitoa kwa nyundo na moto. Muulize muuzaji: cheni uliikaza lini mara ya mwisho? Akikosa jibu, muombe aizungushe kidogo mbele yako. Akikataa, toa bei ya kitovu kilichoganda.

Mbele, inua gurudumu usukani uwe huru, ugeuze polepole kulia na kushoto. Ukihisi kama kuna kijishimo pale katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tazama nguzo za shokapu kama kuna utepe wa oili. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni gumu kama kisigino, na mvua ya Uingereza itakuonyesha.

Mwisho, faili. Kila maili 12,000 vavu 12 za injini hii zinatakiwa kupimwa nafasi zake, na kuzirekebisha ni kutoa kemshafti. Ni kazi ya siku nzima na bei yake ni ya siku nzima. Wengi huuza pikipiki inapokaribia 24,000 au 36,000 kwa sababu hiyo tu. Tafuta risiti. Pasipo na risiti, hesabu kwamba haijafanyika.

Hatua ya 4: Kuichukua

Kodi ya barabara haihamishwi na chombo tangu Oktoba 2014. Mwenye nayo akikukabidhi, ya kwake imekufa. Lipa ya kwako kwa simu pale pale ukitumia namba iliyo kwenye kipande cha kadi atakachokukatia. Bima iwe imeanza kabla hujawasha. Kamera za barabarani zinasoma namba, hazisikilizi maelezo.

Hatua ya 5: Jifunze uzito kabla ya mwendo

Ikiwa imejaa mafuta, 1050 inazidi kilo 240. Barabarani hutausikia uzito huo. Utausikia kwenye kituo cha mafuta, kwenye kokoto, na kwenye mteremko wa kuegesha, pale unapokuwa na haraka na watu wanatazama.

Wiki ya kwanza tafuta uwanja mtupu wa maegesho Jumapili asubuhi. Geuza nane. Siri ni mkono wa kushoto na mguu wa kulia: shikilia klachi katikati, gesi kidogo isiyobadilika, mguu uguse breki ya nyuma. Breki ya mbele isiguswe kabisa usukani ukiwa umekatwa, maana hapo ndipo wengi huiangusha. Macho yatazame unakokwenda. Ukitazama chini, chini ndiko utakakofika.

Ikianza kulala kupita katikati, iache. Ruka kando. Kuishikilia kilo 240 kwa kiuno ni kutafuta miezi ya maumivu kwa ajili ya plastiki. Kuinyanyua: hakikisha ipo kwenye gia, shusha stendi ya pembeni kama imelalia kulia, igeuzie mgongo, kalia ukingo wa kiti, shika usukani na sehemu imara ya nyuma, kisha sukuma kwa miguu ukirudi hatua ndogo ndogo.

Kwenye mwendo, silinda tatu zina tabia nzuri: nguvu ipo chini na katikati, huhitaji kuipigisha kelele. Tatizo ni kwamba haikwambii inavyokwenda. Utadhani uko maili 60 kwa saa, utazame saa uone 85, na kikomo kwenye barabara kuu ni 70.

Hatua ya 6: Cheni, breki, oili

Oili ibadilishwe kila maili 6,000 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Tumia 10W-40 ya pikipiki, si ya gari, kwa sababu klachi inaogelea humo humo. Mafuta ya breki kila miaka miwili hata kama hukutembea, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa.

Cheni ndiyo inayotaka mkono wako. Kila maili 200 au baada ya mvua, ipake oili yake ikiwa bado ina joto la safari, jioni, ili asubuhi iwe imeshanywa. Kupima ulegevu, zungusha gurudumu kidogo kidogo upate sehemu iliyokaza kuliko zote, pima hapo, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye mkono wa nyuma. Ukipima sehemu iliyolegea na kuikaza, ile iliyokaza itavuta beringi mpaka zilie. Na hata cheni ikiwa sawa, kila miezi michache legeza boliti ya kubana, zungusha kile kitovu kwenda na kurudi, kipake grisi, kirudishe. Ni dakika 20.

Nati moja kubwa ndiyo inayolishika gurudumu la nyuma, ya milimita 46. Nunua soketi yake na spana ya kupima nguvu ya kukaza kabla hujaihitaji. Gereji za matairi za mitaani nyingi hazina, na fundi wa gari atataka kuipiga kwa patasi. Usimruhusu. Nilishamwona mmoja ameshanyanyua nyundo.

Upepo wa matairi: psi 36 mbele, 42 nyuma, upimwe yakiwa baridi.

Hatua ya 7: Safari

Tanki la 1050 ni lita 20. Panga kujaza kila maili 160 hivi, utafika mbali kabla hujaanza kutazama taa ya akiba. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Mimi naweka E5, ile ya juu, hasa kama pikipiki itasimama wiki kadhaa.

Safari ya kwanza nzuri kutoka Leicester ni Matlock Bath, milimani Derbyshire, ambako Jumapili waendesha pikipiki hupanga vyombo vyao kando ya mto na kula samaki na chipsi. Njiani kila unayepishana naye atakutikisia kichwa. Mrudishie; ni salamu, na hawainui mkono kwa sababu wa kulia upo kwenye gesi. Ukiendelea juu mpaka Buxton utaikuta A537, barabara ya kona yenye sifa kubwa na kamera zinazopima mwendo wako wa wastani.

Vaa kwa ajili ya lami, kisha ongeza kwa ajili ya baridi. Baridi ya Lushoto ni utani. Kwenye maili 60 kwa saa, vidole vikishakufa ganzi, breki unaishika kwa kukisia. Vishikio vya usukani vyenye joto vina faida kuliko bomba la moshi la kelele, na vinagharimu kidogo zaidi ya chakula cha watu wawili hotelini. Chunga mifuniko ya chuma ya mitaro, mistari myeupe iliyolowa, majani ya Oktoba, na dizeli inayomwagwa na malori kwenye mizunguko.

Hatua ya 8: Kuilaza

Kuanzia vuli barabara humwagwa chumvi kuzuia barafu, na chumvi haina huruma na chuma cha Hinckley. Ukiendesha wakati huo, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji baridi. Ya moto huiyeyusha chumvi ikaingia vizuri zaidi kwenye mianya. Ikikauka, puliza dawa ya kuzuia kutu kwenye boliti, nyaya na chini ya injini, lakini si kwenye diski za breki wala matairi.

Kama utaipumzisha, badilisha oili kabla, si baada. Ile chafu ina tindikali itakayokaa ndani miezi yote. Jaza tanki la E5 mpaka shingoni. Weka chaja ndogo ya kudumu kwenye betri, zile zinazojizima na kujiwasha zenyewe. Alamu na saa hunyonya betri usiku na mchana, na sasa unajua betri dhaifu inamaanisha nini kwa klachi ya stata. Usiiwashe dakika tano kila Jumapili "ili isikie vizuri"; haipati joto la kutosha kukausha maji ndani ya bomba la moshi. Iache ilale, au itoe uitembeze maili 20.

Machi, kabla ya kuiwasha, pima betri: iwe volti 12.6 au zaidi ikiwa imetulia. Ikiwa chini ya hapo, chaji kwanza, hata kama jua limetoka na wenzako wanapiga honi nje.